Mwongozo kamili: Kumfundisha mtoto mwenye usonji stadi za kila siku kwa tiba ya tabia

Mtoto mwenye usonji (autism) anaweza kukutajia sayari zote kwa mpangilio kuanzia ile iliyo karibu zaidi na jua, na bado kila asubuhi ukawa unamvalisha suruali akiwa na miaka minane. Mwingine haongei kabisa, lakini akipata simu yako anaifungua, anatafuta video anayoitaka na kuirudisha palepale anapopapenda. Swali la "ana akili au hana" halikufikishi popote. Jiulize badala yake: kwa nini jambo hili moja halijaingia, na nitaligawaje ili liingie?

Watoto wengi hujifunza kuvaa, kunawa na kula kwa kijiko kwa kutazama tu. Wanamwona mkubwa, wanaiga, wanasifiwa, wanarudia. Kwa mtoto mwenye usonji njia hiyo mara nyingi ina mapengo. Huenda haangalii unapotaka aangalie. Huenda kuiga hakumjii kwa wepesi, au sifa za mdomo hazimgusi. Huenda pia mswaki, ambao kwako ni kitu cha kawaida, kinywani mwake ni karaha tupu. Tiba ya tabia inayashughulikia mapengo hayo moja baada ya jingine. Haiondoi usonji, na anayekuahidi kuwa itauondoa achana naye. Kazi yake ni kumfundisha mtoto jambo mahususi kwa vipande vidogo, huku mazingira yakipangwa ili kufaulu kuwe rahisi kuliko kukosea.

Ilikotoka, na kwa nini watu wanaibishania

Mzizi wake ni kazi ya B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeonyesha kwamba tabia ikifuatwa na matokeo mazuri kwa mtendaji, hujirudia. Mwaka 1987 Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha matokeo ya watoto wadogo 19 waliofundishwa kwa saa zipatazo 40 kwa wiki. Tisa kati yao walifika kiwango cha kawaida katika vipimo vya akili na kumaliza darasa la kwanza katika shule za kawaida. Habari hizo zilisambaa, na tiba hiyo ikajulikana kwa herufi tatu unazozikuta kila mahali: ABA, kifupi cha Kiingereza cha "Applied Behavior Analysis".

Upande wa pili husemwa kwa sauti ndogo. Watoto wa utafiti ule hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na kazi za awali za Lovaas zilitumia adhabu, makofi na hata umeme. Watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya mkondo huo wameeleza walivyofundishwa kutii tu na kuficha walivyo. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 5 zenye watoto 219, yaliona dalili za manufaa katika stadi za maisha na lugha, lakini yakasema ushahidi wenyewe ni dhaifu.

Mbinu za kufundishia ni nzuri, nami nazitetea. Kinachohitaji tahadhari ni malengo, na ile imani kwamba saa nyingi zaidi ni bora zaidi. Leo mbinu hizohizo zimeingizwa kwenye michezo na shughuli za kawaida, kama katika Modeli ya Denver ya Sally Rogers na Geraldine Dawson. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, kwa sababu mlezi ndiye aliye na mtoto wakati stadi inapohitajika. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Hatua ya kwanza: Chagua stadi moja

Moja, si tano. Chagua jambo linalotokea kila siku, ambalo kwa sasa anafanyiwa na mtu mwingine, na ambalo tayari anaweza kulifanya walau kidogo. Kipimo changu ni swali hili: asipojifunza, nani atakuwa anamfanyia akiwa na miaka 20? Kujisafisha chooni kunapita kipimo hicho. Kuvaa, kupiga mswaki, kuvuka barabara na kuomba msaada pia vinapita. Kumlazimisha akutazame machoni, au kumzuia asipungepunge mikono anapofurahi, hakupiti. Hayo hayamdhuru yeyote, na mara nyingi ndiyo njia yake ya kujituliza. Muda wa mafunzo ni mchache, usiupoteze kwenye kumfanya aonekane kama watoto wengine.

Mambo mawili yanatangulia mengine yote. La kwanza ni usalama, kama mtoto hukimbilia barabarani au hula vitu visivyolika. La pili ni njia ya kusema "nataka", "sitaki" na "basi". Mtoto asiyeweza kusema "basi" kwa neno, kwa ishara au kwa kadi, atalisema kwa kuuma. Edward Carr na Mark Durand walionyesha mwaka 1985 kwamba ukigundua tabia ngumu inamwombea mtoto nini, kisha ukamfundisha njia nyepesi ya kuomba kitu hichohicho, tabia ile hupungua. Mwaka huohuo Andy Bondy na Lori Frost walibuni utaratibu wa kadi za picha ambapo mtoto hampi mtu kadi akabaki mikono mitupu: anatoa kadi ya kitu, anapokea kitu chenyewe papo hapo. Kama mwanao hana njia yoyote ya kuomba, anzia hapo na uache suruali isubiri. Wala usihofu kwamba kadi zitamfanya mvivu wa kuongea. Hazizuii usemi.

Kuhusu umri: msemo wa samaki mkunje angali mbichi umewavunja moyo wazazi wengi wa watoto wakubwa. Kuanza mapema kuna faida, kweli. Lakini mtoto wa miaka 13 anafundishika kufunga vifungo, na mbinu ni hizi hizi.

Hatua ya pili: Tazama kwanza, bila kufundisha

Kwa siku chache kaa pembeni uandike mambo matatu kila tukio linapotokea: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Tuseme kila jioni anapiga kelele akiona mswaki. Kilichotangulia: runinga ilizimwa ghafla, akavutwa mkono. Alichofanya: alilia na kujitupa chini. Kilichofuata: mama alichoka, mswaki ukaahirishwa, runinga ikawashwa ili atulie. Ukiyaandika hayo siku nne tu utaona kwamba kilio kinafanya kazi yake vizuri sana. Mtoto si mkorofi. Amejifunza kilichofundishwa, isipokuwa hakuna aliyekusudia kukifundisha.

Hata hivyo, usikimbilie kusema "anadeka". Angalia mwili kwanza. Jino bovu, vidonda vya mdomoni, choo kigumu, sikio linalouma, usingizi mbovu: mtoto asiyeweza kueleza maumivu huyaonyesha kwa tabia. Matatizo ya tumbo na ya usingizi ni ya kawaida kwa watoto wenye usonji. Kisha angalia hisi zake. Pengine shida ni ladha kali ya dawa ya meno, taa ya bafuni au mwangwi wa kuta zake. Kubadilisha dawa ya meno ni kazi ya dakika moja, na kunaweza kukuokolea wiki sita za mafunzo.

Hatua ya tatu: Ivunje stadi vipande vipande

Ifanye mwenyewe polepole, ukiandika kila mwendo wa mkono. Utashangaa. "Nawa mikono" ni agizo moja kwetu, lakini kwa mtoto ni hivi:

1. Nenda kwenye sinki.
2. Fungua maji.
3. Lowesha mikono yote miwili.
4. Chukua sabuni.
5. Sugua kiganja kwa kiganja.
6. Sugua migongo ya mikono.
7. Rudisha sabuni.
8. Suuza hadi povu liishe.
9. Funga maji.
10. Chukua taulo, kausha mikono, lirudishe.

Sasa mwache ajaribu yote bila kumsaidia, uone anakwama wapi. Mtoto mmoja anafika sinkini, anafungua maji vizuri, kisha anabaki ameyaacha yakimpita vidoleni, ametabasamu, hasikii tena neno lako. Huyo tatizo lake si "hajui kunawa". Kipande cha tatu ni kitamu kiasi kwamba cha nne hakina nafasi. Utapunguza kasi ya maji, utaweka sabuni palepale mbele ya macho yake, na utamwekea muda wa kuchezea maji baada ya taulo. Mwingine anafanya kila kitu hadi namba 8 kisha anaondoka maji yakitiririka. Kwake unafundisha kipande kimoja tu. Vipande anavyovijua usivifundishe tena, utamchosha bure.

Vipande ukishavipata, amua utaanzia upande gani. Unaweza kuanza mwanzo: anafanya cha kwanza peke yake, wewe unamsaidia vingine, na akikimudu mnaongeza cha pili. Unaweza pia kuanza mwishoni, na kwa mavazi nashauri hivyo. Chukua suruali yenye mpira kiunoni, isiyobana. Mketishe, ingiza miguu yote miwili, msimamishe, ipandishe hadi juu ya makalio, ibaki vidole vinne tu kufika kiunoni. Hapo simama. Weka mikono yake kwenye mpira, mmoja kulia mmoja kushoto, uache. Akivuta ikafika, suruali imevaliwa, na aliyemaliza ni yeye. Kesho au keshokutwa unaiachia kwenye mapaja, baadaye magotini, baadaye kwenye vifundo, mwisho unaitandika mbele yake na kukaa kando. Kila mara mtoto anamalizia kwa kufaulu, na kile alichokuwa akikisubiri kinakuja mara tu baada ya juhudi yake mwenyewe.

Picha zinasaidia sana hapa. Piga picha za kila kipande, uzibandike kwa mpangilio usawa wa macho yake. Watoto wengi wenye usonji hushika wanachokiona kuliko wanachokisikia. Neno likishatamkwa limepotea, picha bado ipo ukutani.

Hatua ya nne: Tafuta kinachomsukuma

Usikisie. Panga vitu vinne au vitano mbele yake uone anakwenda kwenye kipi, ukiondoe, uone kinachofuata. Huenda ni kigari. Huenda ni kurushwa juu, kamba ya kuzungushazungusha au dakika moja ya wimbo wake. Kile unachodhani kizuri kwa watoto wote huenda yeye hakioni. Wapo wasiopenda kupigiwa makofi kabisa, na makofi yale ya furaha huwa adhabu kwao.

Tuzo itolewe mara moja, ndani ya sekunde chache baada ya kitendo. Ukichelewa, umekitunza kitendo kingine: alisugua mikono vizuri, ukaenda kutafuta kigari, ukarudi ukamkuta analamba sabuni, ukampa. Iwe ndogo, ili mweze kurudia. Iwekwe kwa ajili ya somo hilo tu, maana kigari anachokichezea kutwa nzima hakina thamani jioni. Na mwambie ni kwa lipi: "Umefunga maji!" badala ya "Vizuri" isiyo na mwenyewe.

Wazee nyumbani watasema unamhonga mtoto. Hongo hutolewa baada ya vurugu kuanza, ili inyamaze. Tuzo imepangwa kabla, na hufuata kazi. Maneno ya kutumia ni mafupi: "Kwanza mswaki, kisha kamba." Stadi ikishika, toa tuzo mara moja moja, baadaye iachie faida ya asili ifanye kazi yake: akivaa viatu, anatoka nje.

Hatua ya tano: Saidia, kisha ondoa msaada

Hapa ndipo mafunzo mengi hufia. Kumsaidia mtoto kila mtu anaweza. Kuacha kumsaidia kwa mpangilio ndiyo kazi yenyewe, na wazazi wenye upendo mwingi ndio inayowashinda zaidi.

Msaada una uzito. Mzito kuliko wote ni kushika mkono wake na kufanya naye. Unaofuata ni kugusa kiwiko au bega. Kisha kumwonyesha wewe mwenyewe ukifanya, halafu kuonyesha kwa kidole, halafu kutazama tu kile kitu. Maneno tunayaona mepesi, lakini ndiyo magumu kuliko yote kuyaondoa. Mlezi akizoea kusema "sabuni… sugua… haya suuza… funga", baada ya miezi mitatu mtoto ananawa vizuri kabisa ilimradi mlezi anaongea. Akinyamaza, mtoto anasimama mikono ikidondosha maji, anamtazama, anasubiri "suuza". Neno la mlezi limekuwa kipande cha kumi na moja cha stadi. Kwa hiyo sema agizo moja mwanzoni, "Nawa mikono", kisha funga mdomo. Saidia kwa mikono na kwa kidole. Simama nyuma yake, ili akigeuka asikute uso wako bali sinki.

Kwa stadi mpya anza na msaada mzito wa kutosha asikosee, kisha ulegeze. Leo kiganja chako kimefunika chake chote. Baada ya muda unashika kifundo tu, halafu kiwiko, halafu mkono wako uko hewani sentimita chache kutoka kwake bila kumgusa, halafu umeurudisha mfukoni. Kwa stadi ambayo tayari ameanza kuishika, geuza: subiri kwanza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kusaidia chochote. Sekunde tano za kimya ni ndefu mno kwa mtu mzima, hasa asubuhi mnapochelewa, lakini ndizo anazohitaji mtoto kuchakata na kuanza mwenyewe. Kama asubuhi haina hata sekunde hizo tano, usifundishe asubuhi. Mvalishe mwondoke, mfundishe jioni wakati wa kubadilisha nguo.

Akikosea katikati, usimkemee na usianze maelezo. Mrudishe kipande kimoja nyuma, saidia kidogo zaidi, endelea.

Mkono wake ni wake. Akiuvuta, uachie. Kushikiliwa kwa nguvu hadi afanye si tiba, na kunamfundisha jambo la hatari: kwamba mtu mzima anaweza kuutumia mwili wake hata akikataa. Mtoto anayekataa kila mara anakuambia kipande ni kikubwa, tuzo ni dhaifu, hisi zinamuuma au amechoka. Mfundishe pia kusema "basi" kwa adabu, na akisema, heshimu.

Hatua ya sita: Andika

Karatasi moja inatosha. Vipande kwenye mstari wa kushoto, siku juu, na herufi tatu: P kwa peke yake, K kwa kidole au ishara, M kwa mkono. Ijaze mara moja kwa siku, si kila dakika. Kipande chenye P siku tatu mfululizo kimekamilika, kiache. Kipande kilichobaki M kwa wiki mbili kinakuomba ubadilishe kitu: kigawe zaidi, badilisha tuzo, sogeza sabuni, au kubali kwamba vidole bado havina nguvu na umtafutie mchezo wa kufinyanga kwanza. Bila karatasi utaamini ile siku mbaya ya mwisho unayoikumbuka, ukaacha jambo lililokuwa linakwenda vizuri.

Hatua ya saba: Ihamishe

Mtoto anayenawa vizuri kwenye sinki la nyumbani anaweza kusimama mbele ya sinki la shule kama hajawahi kuona maji. Bomba la kule linabonyezwa, la nyumbani linazungushwa. Sabuni ni ya maji, nyumbani ni ya mche. Trevor Stokes na Donald Baer waliandika mwaka 1977 kuhusu kasoro hii: watu hufundisha, kisha wanabaki kutumaini kwamba stadi itajihamisha. Haijihamishi. Ukishaona P nyingi, badilisha sabuni kwa makusudi. Kesho afundishe baba, keshokutwa bibi. Nendeni mnawe mahali pengine. Mpe mwalimu nakala ya picha zako, na wote mtumie agizo lilelile. Mmoja akisema "nawa", mwingine "osha mikono", wa tatu "kasafishe mikono yako michafu hiyo", mtoto anasikia mambo matatu.

Choo, kwa kuwa ndicho kinachoulizwa zaidi

Vipande vinafundishwa vilevile, ila hapa mwili una ratiba yake. Nathan Azrin na Richard Foxx mwaka 1971 waliwafundisha watu wazima wenye ulemavu wa akili kwa kuwapa vinywaji vya ziada ili nafasi za kufaulu ziwe nyingi, na kuwapeleka chooni kwa muda uliopangwa. Njia yao ilikuwa na adhabu pia. Hiyo iache, chukua mengine.

Kwanza hakikisha hana choo kigumu, maana kujisaidia kukiuma atakikwepa choo kwa miezi. Kwa siku tatu kagua nepi kila nusu saa na kuandika kavu au mbichi. Akiweza kukaa mkavu saa moja au mbili, yuko tayari. Kisha vua nepi mchana, usiivue na kuirudisha ovyo. Mpe maji ya kutosha, mpeleke muda mfupi kabla ya wakati ambao karatasi inaonyesha huwa anakojoa, akae dakika tatu hadi tano, miguu ikanyage kitu, asining'inie. Mkojo ukitoka kwenye choo, toa tuzo kubwa kuliko zote ulizo nazo, na iwe ya chooni pekee. Usipotoka, ainuke bila maneno, mjaribu tena baadaye. Akijikojolea, sema "mkojo unaingia chooni", msafishe bila hasira wala utani. Wavulana waanze kwa kukaa.

Kama anaogopa mlio wa maji ya kuflashi, usiuflashi akiwa ndani. Siku nyingine avute akiwa mlangoni na wewe ndani, asogee kidogo kidogo. Usiku ni jambo jingine na huja baadaye. Usichanganye.

Mambo yakiharibika

Ukiacha kuipa faida tabia uliyokuwa ukiipa, huenda ikazidi kabla ya kupungua. Yule aliyekuwa akilia dakika tano hadi runinga iwashwe, sasa huenda akalia kumi na tano. Ukikubali dakika ya kumi na nne umemfundisha kulia kumi na nne. Kwa hiyo usianze siku ambayo unajua huna nguvu, au nyumba imejaa wageni, na usianze kamwe kabla hujampa njia nyingine ya kuomba. Kama tabia yenyewe ni ya kujiumiza, kujigonga kichwa au kujiuma, usijaribu hili peke yako. Tafuta mtaalamu.

Lakini kuna kilio kisichoomba kitu. Mtoto aliyezidiwa na kelele, mwanga au mabadiliko ya ghafla hata ukimpa alichokuwa akikitaka haoni. Hapo hakuna somo. Punguza taa, punguza maneno, mwondoe kwenye kelele, kaa karibu. Anayefundisha wakati huo hafundishi kitu.

Ukipata mtaalamu

Omba kukaa chumbani wakati wa mafunzo. Anayekataa bila sababu ya maana, ondoka. Muulize ni stadi zipi atakazofundisha na kwa nini hizo, mtoto akisema hataki anafanya nini, atakuonyeshaje maendeleo kwa maandishi, na lini ataanza kukufundisha wewe. Muulize kama anatumia adhabu yoyote. Jibu linapaswa kuwa hapana, fupi. Mtaalamu mzuri atataka pia kushirikiana na daktari wa mtoto, mtaalamu wa usemi na mwalimu. Kisha mtazame mtoto mlangoni. Kuchelewachelewa si neno, watoto huchelewa kila mahali. Lakini anayetetemeka, anayeanza kujikojolea tena au anayeacha kulala tangu mafunzo yaanze amekwisha kukujibu.

Stadi ikipotea

Baada ya homa, likizo ndefu, kuhama nyumba au kuzaliwa mdogo wake, stadi hurudi nyuma. Usianze upya kutoka kipande cha kwanza. Rudi ngazi moja tu ya msaada: kama alikuwa P, tumia kidole siku chache, rudisha tuzo iliyokuwa imeondolewa, na mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili anafika alipokuwa. Akipoteza ghafla stadi nyingi kwa pamoja, hasa maneno aliyokuwa nayo, matumizi ya mikono au mwendo wake, weka karatasi kando na umpeleke kwa daktari wiki hiyohiyo, ukiwa na video fupi za alivyokuwa kabla na alivyo sasa.